Fundi Barafu na Nyumba Isiyo na Kiyoyozi

Mjomba wangu anafunga viyoyozi. Hiyo ndiyo kazi yake tangu enzi akiwa na nywele. Mtaani wanamwita Fundi Barafu, na ukiona ukuta wowote wenye kasha jeupe linalodondosha maji juu ya vichwa vya wapita njia, kuna uwezekano mkubwa ni yeye aliyelitundika pale. Ukilowa, usinitafute mimi.

Mimi ni mpwa wake tu. Nilisomea kuchora ramani za nyumba, na hukohuko chuoni nikapata ugonjwa: nikaamini kwamba hata kwenye joto kama letu, nyumba inaweza kujengwa ikakaa baridi yenyewe, umeme ukabaki wa taa na jokofu. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba, naongea habari za kivuli na upepo kama vile mimi ndiye niliyevivumbua. Familia ikanipa jina la Injinia. Usidhani ni heshima. Ungesikia wanavyolitamka.

Na ili ujue unasoma maneno ya mtaalamu wa aina gani: mtaalamu huyu wa nyumba baridi anaishi kwa mama yake, chumba cha nyuma, chini ya bati tupu. Mchana jua likipamba moto, analala kwenye sakafu ya saruji, kifua wazi, amejifunika taulo lililolowekwa maji. Mama akipita mlangoni anauliza, "Injinia, zile nadharia zako leo ziko likizo?"

Mama ni dada yake Mjomba, na utani wao ni wa tumbo moja. Siku ambayo Mjomba alikubali kunisikiliza, alikuwa ametoka kwenye jengo la ofisi lililojengwa kwa vioo kuanzia chini mpaka juu. Aliingia kwetu shati limemganda mgongoni, akanywa jagi zima la maji bila kupumua.

"Dada," akamwambia Mama, "hawa watu wana akili kweli? Wanajenga tanuri, halafu wananiita mimi nikalipoze."

"Si ndiyo kula yako?"

"Ndiyo kula yangu. Ila mtu anachoka. Nashinda juani nimening'inia kwenye kuta za watu ili wao wavae sweta. Nikirudi kwangu, vyumba vile nilivyopanga vinanipika mpaka asubuhi. Nikiwasha AC, ule mlio unanirudisha kazini. Kinyozi gani anafika nyumbani akute watu wamepanga foleni kitandani?"

Kutoka sakafuni, chini ya taulo, nikasema, "Mjomba, inawezekana kujenga nyumba isiyokuwa tanuri."

"Nani anaongea?"

"Maiti," Mama akamjibu.

Mjomba alikuwa na kiwanja, na alikuwa karibu kuchimba msingi. Nikaona hapa hapa, nikiremba itakula kwangu. Nikakamua taulo, nikamchorea ramani kwa maji palepale kwenye saruji. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, fupi zikae mashariki na magharibi ambako jua linapiga kwa chuki. Upenu uwe mpana. Bati liwe jeupe. Nilikuwa naeleza kwa hisia kali mno, ila ukuta wa kaskazini ulikauka kabla sijafika wa kusini, ikabidi nianze upya mara kadhaa. Mjomba akaniangalia kwa huruma, na nadhani ni huruma hiyo iliyofanya akubali, wala siyo hoja zangu.

"Haya, mpwa wangu. Ila ikiwa joto, utahamia wewe."

Kazi ikaanza, na mimi nikaanza kugundua kwamba maadui wa nyumba baridi siyo jua peke yake.

Kwanza fundi mwashi. Mzee huyu amejenga nusu ya mtaa, na nyumba zake zote zina dirisha kubwa popote penye ukuta. Akaishika ramani yangu kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

"Huku magharibi hakuna dirisha?"

"Hakuna, mzee. Jua la jioni linaingilia huko."

"Sasa likija litakuta nini?"

"Ukuta."

Akatikisa kichwa. "Maskini." Alikuwa analionea huruma jua.

Upenu ndio uliomkera zaidi. Alisema nyumba imevaa kofia imeshuka mpaka machoni. Siku moja nilichelewa kufika, nikakuta ameshaanza kukata mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, ziwe fupi, "ili sura ya nyumba ionekane." Nikapanda ngazi kumzuia, nikakwama katikati kwa sababu naogopa ngazi. Ndiyo, mchora nyumba anayeogopa ngazi. Mjomba ndiye aliyenishusha, kisha akamwambia fundi aache mbao kama zilivyo, kwa kuwa mtoto ameshateseka vya kutosha.

Halafu dukani. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi nikiulizia kitu cha kutandaza juu ya dari kuzuia joto la bati. Muuzaji wa kwanza akaniletea feni. Wa pili akaniletea godoro. Wa tatu alinisikiliza vizuri mno, akakubali kwa kichwa, akaingia stoo, akatoka na feni kubwa zaidi. Mwishowe tukajifungia wenyewe: dari mbili zenye nafasi katikati, juu yake karatasi inayong'aa, na matundu ya hewa ya moto kutokea chini ya paa, yamezibwa kwa wavu wa mbu.

Nyumba ikaisha. Mjomba ana tabia moja: akiingia nyumba yoyote, hata kabla ya salamu, anaweka kiganja ukutani kama nesi anayepima homa ya mtoto. Siku ya kuhamia, jua la saa saba mchana, aliweka kiganja kwenye ukuta wa sebule. Akakigeuza, akauweka upande wa pili wa mkono. Akahamia ukuta mwingine.

"Mbona haina homa?" akasema.

Nilitaka kulia. Badala yake nikapiga picha nikaweka kwenye kundi la familia. Majibu yakaja: dole gumba moja, na binamu mmoja akiuliza nani anauza simu.

Nyumba ilikubali. Watu ndio walikataa. Nyumba ya namna ile ina masharti: mchana, nje kukiwa kama jiko, unafunga; jioni, upepo ukitulia kuwa wa kistaarabu, unafungua kila kitu. Sisi huku kwetu mlango uliofungwa mchana una maana zake. Mke wa Mjomba, tunayemwita Anti, alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili jirani akabisha hodi kwa sauti ya chini kuuliza kama kuna mgonjwa. Mwingine akasema tangu wajenge wamekuwa na maringo. Anti akanipigia simu.

"Injinia, mwambie huyo upepo wako ubadilishe saa za kazi. Mimi nimeshaitwa mchoyo."

Pigo kubwa lilimwangukia Mjomba. Wateja wake hupitia nyumbani kupanga kazi, na wote walikuwa na swali lilelile, macho yakitambaa ukutani: "Fundi, AC yako iko wapi?" Akijibu kwamba hana, wanacheka. Akijibu kwamba haihitaji, wanaacha kucheka, wanamtazama vibaya. Fundi wa viyoyozi asiye na kiyoyozi ni sawa na kinyozi mwenye rasta. Simu zikapungua. Kijana mmoja mtaani, naye anafunga AC, akaanza kutangaza kwamba Barafu ameyeyuka.

Ndipo Mjomba akafanya jambo ambalo mpaka leo tukilitaja anaangalia pembeni. Kwenye karakana yake kulikuwa na kiyoyozi kilichokufa, kimetolewa utumbo wote: kompresa, mabomba ya shaba, feni, kila kitu kilishauzwa kama vipuri. Yamebaki maganda matupu. Akayasafisha yakawa yanameta. Ganda moja akalitundika sebuleni, lingine nje, upande wa barabarani. Simu zikarudi. Wateja wakawa wanaingia, wanapigwa na ubaridi, wanatazama ganda, wanasema, "Kweli wewe ndiye Barafu!"

Na mimi je? Nyumba yangu ya kwanza duniani, kazi ya jasho na taulo, sifa zote zinakwenda kwa boksi tupu la plastiki. Nilinuna. Nilimwandikia Mjomba ujumbe mrefu sana kuhusu ukweli na heshima ya taaluma. Akanijibu kwa picha ya mtoto analia.

Hapo Mama akaingilia kati. Kulikuwa na fundi wa madirisha ya aluminiamu aliyekuwa anatafuta mchoraji, na Mama alikuwa ameshamwahidi kichwa changu.

"Mwanangu, nakupenda, ila unaloweka sakafu yangu," akaniambia. "Tafuta mtu mmoja tu asiye ndugu yako anayetaka nyumba kama ile. Mmoja. Ukimkosa mpaka mwisho wa mwezi, unaenda kwa yule bwana ukachore vioo."

Vioo! Mimi! Ni kama kumpeleka mla majani akafanye kazi buchani. Lakini sikuwa na hoja. Mtu aliyejifunika taulo hana hoja.

Mama huyohuyo ndiye aliyenitafutia mtu. Rafiki yake, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa anataka kujenga na mumewe. Mume ni mshona suti, na ni tangazo lake mwenyewe: hajawahi kuonekana bila koti na tai, liwake jua lisiwake. Tulimwita Fundi Suti. Walikuwa tayari na ramani ya nyumba yenye uso mzima wa kioo, unaotazama, bila shaka, magharibi. Mama akawaomba kabla hawajaanza waje waone nyumba ya kaka yake.

Wakaja saa nane mchana, nje lami imelainika. Nilisimama sebuleni nimekumbatia ramani yangu kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimemsihi Mjomba aondoe ganda angalau siku hiyo moja. Akasema ngazi ameazima mtu. Ngazi zake zilikuwa nje, naziona dirishani.

Fundi Suti aliingia akijifuta kwa leso, akaketi, akatulia. Leso ikarudi mfukoni. Baada ya kitambo nikaona kitu sijawahi kuona kwa binadamu mchana kama ule: akafunga kifungo cha koti.

"Lo!" akasema. "Fundi, hii AC yako haina hata mlio."

"Mm," Mjomba akajibu.

"Karibuni chai," Anti akadakia. "Ila mtanisamehe, biskuti zimeisha leoleo."

Mwalimu alikuwa anaangalia huku na huku. "Hebu izime kidogo, kaka, tuone tofauti."

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama dari, zote mbili kwa pamoja. Akapapasa mezani, akachukua rimoti, akailenga kwenye ganda kwa kujiamini kabisa, akabonyeza. Televisheni ikawaka.

"Huwa zinaingiliana," akasema, akaizima. "Haya. AC nayo imezimika."

Tukakaa. Chai ikanyweka. Jua likaendelea kuunguza dunia huko nje, na sebule ikaendelea na shughuli zake kama kawaida. Mwalimu akainua mkono hewani kama anayepima unga.

"Mbona bado baridi?"

"AC nzuri ndivyo zilivyo," mumewe akamweleza. "Zinaacha akiba." Akamgeukia Mjomba. "Basi mimi nimemaliza. Ramani yetu ya vioo inabaki vilevile. Wewe utatufungia mashine kama hizi, kila chumba." Halafu akanigeukia mimi, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. "Kijana, pole kwa usumbufu. Umechora vizuri. Ila kama kuna AC ya namna hii, ya nini kujitesa na vidirisha vya stoo?"

Roho yangu ikatoka, ikatembea mpaka kwa fundi aluminiamu, ikavaa aproni. Nikataka kupayuka. Lakini utamuumbuaje kaka wa mama yako, sebuleni kwake, mbele ya mteja anayempa kazi ya nyumba nzima? Nikaikumbatia ramani yangu.

Mjomba akakuna kidevu. Kila chumba. Kazi ya namna hiyo alikuwa hajaipata tangu aanze kuulizwa AC yake iko wapi. Akamtazama Fundi Suti, akanitazama mimi na ramani yangu kifuani, akatoa mguno. Kisha akavuta kiti, akapanda, akachomoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, anakotembea nayo hata harusini.

"Baba nanii," Anti akaruka, "hapo usifungue! Si leo!"

"Mama nanii, niache."

"Nakwambia hapo usi..."

Kifuniko kikaachia. Pakiti ya biskuti ikaporomoka kutoka ndani ya kiyoyozi, ikatua kwenye mapaja ya Fundi Suti. Ikafuata ya pili.

Mwalimu akaokota moja, akasoma jina, akamtazama Anti.

"Hizi ndizo zilizoisha?"

Anti alikimbilia jikoni akidai kuna kitu kinaungua. Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Ni ganda," Mjomba akasema akiwa bado juu ya kiti. "Halina kitu. Na la nje ni ganda. Humu ndani hakujawahi kuwa na AC hata siku moja."

"Fundi, umetudanganya," Fundi Suti akasema, bila kuzitoa biskuti mapajani.

"Kuhusu ganda, ndiyo. Niliogopa. Nani ampe kazi fundi anayeishi bila anachouza? Lakini ubaridi siyo wa uongo. Wewe mwenyewe umefunga koti." Akashuka. "Ukijenga ile ya vioo, nitakuja kufunga, nitakuja kurekebisha, nitakuja kujaza gesi, tutazeeka pamoja. Mimi nitafurahi. Ila huyu mtoto kaninyima kazi kwenye nyumba yangu mwenyewe, na ninalala vizuri. Muulizeni yeye."

Wote wakanigeukia. Ndugu msomaji, hii ndiyo dakika niliyoisubiri maisha yangu yote. Nikakohoa, nikafungua mdomo:

"Kimsingi, uhamishaji wa nishatijoto kupitia bahasha ya jengo..."

"Mwanangu," Mwalimu akanikatiza, "mimi nafundisha watoto wanaokula chaki. Anza tena."

Nikaanza tena. Kivuli kinalinda ukuta. Ukuta usiopigwa jua haupati homa. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu. Mchana funga, jioni fungua. Kumbe yote yanatosha kwenye pumzi moja. Nilikuwa nayatumia kurasa nzima.

"Mchana tufunge?" Fundi Suti akashtuka. "Mama mkwe wangu akija akute mlango umefungwa mchana kweupe, dirisha dogo, na hakuna AC? Atasema nimemchukua binti yake nikamweka ghalani!"

"Mama yangu niachie mimi," Mwalimu akasema. "Tusubiri jua lishuke."

Wakasubiri. Mwalimu alifungua pakiti ya biskuti, akamwita Anti aje waile pamoja, na Anti akaja, uso chini, akala kuliko wote. Jua lilipofika magharibi, Mwalimu akaenda kwenye ule ukuta usio na dirisha, upande ambao nyumba yao ingekuwa kioo kitupu. Akauegemeza mgongo mzima. Akakaa pale, akafumba macho.

"Mimi naijenga hii," akasema. "Wewe kama unataka vioo, jenga duka."

Mumewe akavuta pumzi ndefu, akalegeza tai. Nilijua ameshindwa, kwa sababu ile tai huwa hailegezwi.

"Sawa. Kwa masharti. Nipate kioo kimoja kikubwa mbele."

"Uso tuugeuze kaskazini, kioo kikae chini ya upenu, kitakuwa kivulini," nikasema haraka, kabla hajabadilisha mawazo.

"Na lile ganda." Akalinyooshea kidole. "Nalitaka."

"La nini tena?" Mjomba akauliza.

"Fundi, mimi ni mshona suti. Watu wanakuja kupimwa nyumbani. Unajua nusu ya suti ninazoshona zina mifuko isiyofunguka? Ni ya kuonekana tu. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Mjomba akafikiri, akatoka, akarudi na ngazi, zile zilizoazimwa. Akayashusha maganda yote mawili palepale. Ukutani yakabaki matundu ya misumari, na Anti akabaki akiuliza kwa sauti ya chini kama tutamwekea kabati lenye kufuli.

Habari ilizunguka mtaa mzima kabla ya giza. Yule kijana mshindani alicheka wiki nzima, na wateja kadhaa wa Mjomba wakamhamia. Wengine walikuja kuhakikisha kwa macho yao, wakakaa sebuleni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, wakaondoka wakiulizia kivuli cha dirisha la magharibi kabla ya kuulizia AC. Mjomba anafunga vyote viwili siku hizi. Bado ni Fundi Barafu, ingawa kuna wanaomwita Ganda, naye anaitika.

Maganda yalifika kiwanjani kwa Fundi Suti kabla ya tofali la kwanza. Aliyapanga kwenye kibanda cha vifaa, yanatazama barabara. Fundi mwashi, yuleyule mzee wangu, akasimama kwenye nyasi tupu akayakodolea.

"Msingi bado, AC tayari?"

"Ndiyo mambo ya siku hizi, mzee," nikamwambia.

Siku hiyo nikatandaza ramani yangu juu ya mifuko ya saruji. Mteja wangu wa kwanza asiye ndugu yangu. Nilikuwa nimekesha kwenye ile ramani. Nilisubiri aulize kuhusu matundu ya hewa, nimejiandaa kumjibu kwa pumzi moja. Fundi Suti akainama na miwani yake, akapitisha kidole juu ya upenu, juu ya dari mbili, juu ya kila ninachokijua duniani, bila kusimama.

"Ganda letu umeliweka wapi?"

Nikamwonyesha kisanduku kidogo kwenye ukuta wa mbele.

"Lisogeze kushoto kidogo, mtu akitokea kona alione."

Nikachukua ufutio, nikalifuta, nikalisogeza.